Injini ya Silverado 5.3 kwenye Ford ya 1940, inawaka sekunde 2 inazima. Mafundi wa umeme njooni

mpare_wa_ohio

Salaam wakuu, poleni na majukumu. Najua humu mada nyingi ni za Noah na IST na Subaru inayokula oili ila naomba mnivumilie, ya kwangu ni ya mbali kidogo.

Niko Columbus, Ohio. Mwaka juzi nilinunua Ford ya 1940, ile ya milango 2 yenye mgongo wa mviringo, kwa mzee mmoja jirani ambaye macho yameanza kumgomea. Siyo orijino, ni hotirodi (gari la zamani lililofungwa injini yenye nguvu zaidi), mzee mwenyewe aliijenga miaka ya 70 akiwa kijana: alitoa ile V8 ya Ford yenye valvu za pembeni akaweka Chevrolet 350 ya kabureta na giaboksi ya oto TH350, difu la Ford la inchi 9, umeme akautoa kwenye volti 6 akaupeleka 12. Kuiangalia tamu. Kuiendesha sasa ndo shughuli, asubuhi ya baridi unapampu eksileta mpaka mguu unakufa ganzi, petroli inanuka nyumba nzima mke analalamika, na hiyo 350 ilishaanza kutoa moshi wa bluu.

Nikaenda skrepa nikakuta Silverado ya 2002 imegongwa nyuma, injini ya lita 5.3 haijaguswa hata kidogo. Nikabeba injini, kontroboksi yake (kompyuta ya injini), na wayaringi yote. Throtoo yake bahati nzuri ni ya kebo siyo ya umeme. Giaboksi nimeacha ileile TH350, nikaweka spesa pale kwenye flaiwili maana kranki ya hizi injini mpya imekaa mbele zaidi kama milimita 10 ukilinganisha na 350 ya zamani, hapo nilisoma kwanza nikaepuka balaa. Mauntini nilinunua zile bati za kuunganisha, zikakaa. Wayaringi niliipunguza mwenyewe majira ya baridi juu ya meza ya chakula, nikatoa waya za airbag, taa, ABS, taka zote, kila waya nikaiwekea tepu yenye jina, mke akasema meza imegeuka kiota cha nyoka.

Sasa shida. Napiga selfu, inawaka mara moja, tena vizuri, sauti imetulia, halafu sekunde 2 inazima kama mtu kazima swichi. Napiga tena, inawaka, inazima. Hivyohivyo hata mara 20. Nimeshabadilisha pampu ya mafuta mara 2, rilei mpya, filta mpya. Nimechoka wakuu. Mwezi wa 7 kuna yale maonyesho ya magari ya Goodguys pale Ohio Expo Center na niliapa mbele ya watu kwamba nitaenda nayo.

Swali la pili, kuna wazee huku kwenye kijiwe cha magari Jumamosi wananiambia nimeharibu gari, hotirodi haiwekwi kompyuta. Ni kweli nimekosea?

---

chuma_chakavu

Picha kwanza mkuu, umeme baadaye

---

Fundi Waya Gongo la Mboto

Mkuu mpare pole sana ila usinunue pampu ya tatu, weka hela mfukoni kwanza.

Mimi V8 ya Marekani sijawahi kuishika kwa mkono wangu, niseme ukweli, ila nimeshafunga 1UZ za Toyota, zile V8 lita 4 za Celsior na Crown Majesta, kwenye Land Cruiser mkonga za zamani na kwenye Hilux moja ya jamaa wa Chalinze, na tabia ya hizi injini za kontroboksi ni moja tu dunia nzima, kontroboksi ni kama mlinzi wa getini, asipoona anachokitarajia hakufungulii hata kama wewe ndo mwenye nyumba.

Kuwaka sekunde 2 na kuzima kuna wachawi wawili na wanafanana sura, ndo maana umebadilisha pampu bure.

Mchawi wa kwanza ni rilei ya pampu. Ukiwasha swichi kontroboksi inaipa pampu umeme kama sekunde 2 hivi kujaza presha, halafu inakata, inasubiri ione kranki inazunguka ndo irudishe. Kama waya wa ile rilei hautoki kwenye kontroboksi ulivyotakiwa, injini itaunguza yale mafuta yaliyobaki kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta) kisha kimya. Mchawi wa pili ni ulinzi wa wizi. Silverado inataka kusikia neno la siri kutoka kwenye kile kisanduku kingine cha bodi kilichounganishwa na swichi ya ufunguo, na wewe hicho kisanduku umekiacha skrepa ama umekitupa na zile "taka". Kontroboksi isipolisikia inaruhusu injini iwake kidogo halafu inafunga nozeli. Kwenye gari lenyewe ungeona taa ya ulinzi inapepesa kwenye dashibodi, ila wewe dashibodi yako ni ya 1940 haina cha kupepesa.

Kuwatenganisha ni rahisi. Toa rilei ya pampu, chukua kipande cha waya, unganisha pampu iungurume moja kwa moja bila kupitia kontroboksi. Weka geji ya presha kwenye reli, inatakiwa isome psi 58 hivi. Piga selfu. Kama presha imesimama palepale na injini bado inazima sekunde ya 2, basi mafuta yako mengi tu, pampu haina kosa, ni ulinzi wa wizi. Kama haizimi tena, rudi kwenye rilei.

Na kabla ya yote hayo hakikisha waya wa swichi unaoipa kontroboksi umeme una volti 12 wakati ufunguo uko ON na pia wakati unapiga selfu. Swichi za zamani zina mguu mmoja unaokata umeme wakati wa selfu, ule wa redio, watu wengi wanaudandia huo. Kwako naona siyo tatizo kwa sababu inawaka, ila pima.

---

nyuki_wa_thika

Boss Fundi Waya amemaliza, mimi naongeza tu upande wa mafuta juu hapo ndio wengi huumia baadaye.

Ile pampu ya 350 yako ilikuwa ya kusukumwa na injini, inatoa psi 5 hadi 7 hivi, kabureta hata haitaki zaidi. Hii 5.3 inataka 58. Kwa hivyo kila hosi ya mpira ya zamani, kila klipu ya kuzungusha kwa bisibisi, toa. Hosi ya kabureta ikipasuka inadondosha, hosi ya 58 ikipasuka inapuliza kama spreya moja kwa moja kwa egzosi. Nunua hosi iliyoandikwa ni ya injini ya nozeli, na klipu za kuzungukia pande zote.

Halafu cheki reli yako. Kama ina paipu mbili na kale kakopo kenye hosi ndogo ya vakyum, basi presha inapangwa hapohapo, hako kakopo ndio regulata, na unahitaji tu njia ya kurudisha mafuta kwa tangi. Kama ina paipu moja pekee, watu hutumia filta ya Corvette ya 1999 kwenda 2003, hiyo filta iko na regulata ndani yake, moja inaingia, moja inaenda injini, moja inarudi tangi. Usiweke zote mbili. Nilimwona jamaa hapa Industrial Area kwa gari ingine kabisa ameweka regulata mbili zikawa zinapigana, akasumbuka miezi.

Na tangi lako liko na bafoli ndani, zile bati za kuzuia mafuta yasikimbie upande mmoja? Matangi ya zamani ni debe tupu.

---

Mzee Kabureta

Wanangu mnasumbuka sana. Kuna njia fupi. Hizo injini za 5.3 kuna intekimanifoldi zake za kuweka kabureta juu, na kuna kisanduku kidogo cha kuendesha koili tu, MSD wanatengeneza. Kompyuta yote unatupa jalalani, unabaki na waya wachache tu wa kuhesabu kwa vidole. Injini inapumua kama zamani, ukifungua boneti unaona kabureta, wazee wa kijiweni wananyamaza. Mimi hii michezo ya laptopu kwenye gari siitaki hata kidogo, nimeendesha Peugeot 504 miaka 22 barabara ya Dodoma hadi Singida kabla haijawa lami na nilikuwa naitengeneza kwa spana 3 na kisu.

---

mpare_wa_ohio

Shikamoo mzee Kabureta, nimekusikia ila harufu ya petroli ndo ilinitoa mbio kwenye 350, nikirudisha kabureta mke ananirudisha Same.

Wengine asanteni, kesho naunganisha pampu moja kwa moja. Reli yangu ina paipu mbili na kakopo.

---

safari_muscat

Assalaam aleikum. Ndugu yangu mpare, swali lako la pili hakuna aliyelijibu kwa haki, wote wamekimbilia waya.

Mimi niko Muscat, asili yangu Unguja, na hizi injini za familia ya LS, ambayo 5.3 yako imo, huku Ghuba zimejaa kwenye Nissan Patrol za mchangani, watu wanatoa ile lita 4.8 ya silinda 6 wanatia V8 ya Chevrolet kwenda kupanda matuta. Mimi mwenyewe ninayo moja, 6.0. Kwa hiyo si mgeni.

Hao wazee wa kijiweni wakumbushe historia yao wenyewe. Hotirodi zilianza California ya kusini miaka ya 30, vijana hawana fedha, wanachukua Ford kuukuu, wanang'oa matapakari (madigadi) kuipunguza uzito, wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka maji, Muroc na El Mirage. Chama chao cha SCTA kiliundwa 1937. Ile V8 ya Ford ya 1932 waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ina nguvu, farasi 65 zamani hizo si mchezo. Sasa ilipokuja 1949 Cadillac na Oldsmobile wakatoa V8 mpya zenye valvu juu, hao hao vijana wakaitupa ile ya Ford. Ilipokuja 1955 Chevrolet akatoa ile ndogo ya inchi za ujazo 265, wakatupa na za Cadillac. Hiyo 350 wanayokulilia leo ni mjukuu wa hiyo 265, na siku ilipoingia kwenye Ford kulikuwa na wazee wao pia waliosema gari imeharibiwa, injini ya Chevrolet ndani ya Ford, haramu! Mzee jirani yako alifanya mwaka wa 70 na kitu kile kile ulichofanya wewe, alikwenda skrepa akachukua injini bora ya bei anayoiweza. 5.3 ya gari la mizigo ndiyo hiyo hiyo ya leo, zimetengenezwa nyingi mno kuanzia 1999, bloku la chuma, hedi za alumini, huwezi kuimaliza. Anayekwenda kununua V8 ya zamani ya Ford kwa bei ya injini tatu za kisasa huyo anakusanya vitu vya kale, jambo zuri tu, lakini asimfundishe mwenziwe hotirodi ni nini.

Mzee Kabureta nakuheshimu, ila ukitupa kompyuta umebaki na nusu ya injini uliyoinunua. Baridi ya Ohio na joto la Muscat, kompyuta inapanga mwenyewe.

Jambo moja la ufundi halijasemwa. Mbele ya hedi kuna kibomba chembamba cha kutolea mvuke. Usikizibe. Kipeleke juu ya rejeta au kwenye tangi la maji. Rejeta ya Ford ya 1940 haina sehemu yake, itabidi utoboe uchomelee nipo, yaani kimdomo cha kuchomekea hosi. Mimi nilikiziba mara ya kwanza kwa ujuaji, mvuke ukakaa nyuma ya hedi, geji inasema salama na hedi inapikika. Na sampu ya oili ya Silverado ni ndefu chini, ipime na krosimemba (chuma cha kukatiza chesisi), isije ikawa ndiyo ya kwanza kugusa tuta.

---

Mzee Kabureta

Kijana wa Muscat umenena vizuri. Ila 504 bado inatembea.

---

mpare_wa_ohio

Wakuu mrejesho. Fundi Waya wewe ni mganga. Niliunganisha pampu moja kwa moja, presha imesimama 58 haitikisiki, na injini ikazima sekunde 2 vilevile. Kwa hiyo ni ulinzi wa wizi. Pampu 2 mpya kabisa ziko kwenye boksi hapa kama kuna anayetaka.

Sasa nafuta vipi hicho kitu? Kuna mtu kaniambia nitafute kile kisanduku cha bodi na swichi ya Silverado nivifunge ndani ya Ford. Jamani ufunguo wa Silverado kwenye dashi ya 1940?

---

Fundi Waya Gongo la Mboto

Usifunge hicho kisanduku. Kontroboksi inafutwa ulinzi kwa programu, huko kwenu kuna watu wana HP Tuners na EFILive, zile programu za kupanga upya kontroboksi, kila kona, unaitoa unaituma kwa posta wanairudisha, au unanunua kebo mwenyewe. Ya 2002 yenye soketi ya bluu na nyekundu ni ya kawaida sana, watu wanaijua vizuri.

Ila sikiliza, ukiituma usiseme ulinzi tu halafu wiki ijayo unaituma tena. Waambie vyote kwa mkupuo mmoja. Giaboksi: wewe una TH350, haina waya hata mmoja, kontroboksi inatafuta ile ya umeme ya Silverado, itakuwashia taa na misimbo kila siku, waiambie gari ni ya gia za mkono (manual). Sensa za oksijeni za nyuma zile mbili wazime, za mbele zibaki na zifanye kazi. Feni: Silverado ile inatumia feni ya kuzungushwa na injini, wewe nadhani nafasi hiyo huna utaweka feni ya umeme, kontroboksi ina uwezo wa kuiendesha ila umefichwa, waufungue na wapange iwashe nyuzi ngapi.

Na sensa ya spidi. Hii watu wanaisahau. Injini inataka kujua kama gari inatembea au imesimama, isipojua utakuwa unakaribia taa nyekundu unaachia mafuta inazima katikati ya barabara. Sijui TH350 inakaaje ila kama ina kebo ya spidomita ya kuzunguka, kuna visensa vinaingia pale katikati vinatoa mapigo.

---

nyuki_wa_thika

Na kama unatuma, fikiria gear box pia boss. TH350 gia ya tatu ni moja kwa moja, haina gia ya kupumzika (overdrive). Nimepiga hesabu na difu ya uwiano wa 3.70 na tairi ya inchi 28, ukienda maili 65 injini iko zaidi ya mizunguko 2,800 kwa dakika. Ukiweka giaboksi ya 4L60E gia ya nne ni 0.70, mwendo uleule unapata karibu 2,000. Haiway utasikia redio. Kitu pekee, iko kubwa kidogo, pima tanoli kwa sakafu (ule mwinuko wa kupitisha giaboksi) kabla hujanunua. Si lazima mwaka huu.

---

mpare_wa_ohio

Difu langu ni 3.70 kabisa, umejuaje? Mwaka huu hela imeishia kwenye pampu. Kontroboksi nimeituma leo.

---

mpare_wa_ohio

IMEWAKA. Ilirudi Jumanne, nikafunga saa 4 usiku, nikapiga selfu, sekunde ya 2 ikapita, ya 3, ya 10, nikaogopa kuizima nikaiacha ikiunguruma mpaka feni ikawaka yenyewe na kuzima yenyewe na mimi nimesimama pembeni kama mtu aliyezaliwa upya. Mke kashuka na kandambili kuuliza mbona haina harufu.

Sasa sijui niseme ni shida au la. Ikipata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka, 600, 900, 600. Na nikiwasha taa kubwa ndo inazidi. Na jana nimezunguka mtaani mara ya kwanza, kona ya kulia kali ikakohoa ikataka kuzima, kona ya kushoto hapana.

---

Fundi Waya Gongo la Mboto

Taa zikiongeza ugonjwa ujue ni ethi, njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Zile waya nyeusi za wayaringi zinafungwa nyuma ya hedi, umezifunga? Na hedi yenyewe inarudi kwenye betri kwa waya gani? Mzee wako miaka ya 70 alipaka rangi kila kitu, bodi rangi, chesisi rangi, 350 haikujali kwa sababu kabureta haisomi volti, hii inasoma kila kitu kwa volti 5 na ethi mbovu ni uongo tupu kwa sensa. Toa waya nene kutoka hasi ya betri mpaka kwenye bloku, nyingine bloku mpaka chesisi, nyingine hedi mpaka bodi, kila sehemu kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, ndo upake grisi juu. Huko kwenu wanamwaga chumvi barabarani, ukiacha wazi mwaka mmoja tu imeliwa.

Kona ya kulia nyuki alishauliza swali hukumjibu.

---

nyuki_wa_thika

Haha nilijua. Tangi halina bafoli na mdomo wa kunyonya uko upande wa kulia, sivyo? Ukikata kulia mafuta yanakimbilia kushoto, pampu inanyonya hewa. Kabureta ilikuwa na bakuli lake la akiba haukuwahi kuhisi, hii haina akiba, ikikosa nusu sekunde unasikia. Kwa sasa endesha tangi likiwa nusu kwenda juu. Baadaye shusha tangi uweke pampu ndani pamoja na kile kikombe chake cha kuizunguka, mafuta yabaki mle hata ukikata kona. Pampu ikikaa ndani ya petroli pia inapoa, huko nje chini ya chesisi inajipika na kelele juu. Si unazo mbili mpya kwa boksi?

---

mpare_wa_ohio

Mdomo uko kulia kweli. Na hizo za kwenye boksi ni za nje jamani msinicheke, zote mbili.

Ethi nimefanya jana, nilikuwa na waya 1 tu ya hasi, tena imefungwa kwenye boliti yenye rangi nyekundu ya 1970 na kitu. Nimekwangua sehemu 5. Sailensa 650 imesimama kama imepigwa msumari, taa zikiwa zimewashwa na feni juu. Kibomba cha mvuke nimekipeleka kwenye rejeta, nilichomelea nipo juu kushoto. Sensa ya spidi imeagizwa.

Jioni nilimpitia mzee jirani nikamkalisha upande wa abiria tukazunguka upande wa mto Olentangy na kurudi, kona zote nimekata kushoto. Hakusema kitu mpaka tumefika, akauliza kabureta yake nimeipeleka wapi. Nikamwambia iko kwenye shelfu. Akasema iache hapohapo, asipewe mtu.

Wiki ijayo nashusha tangi.

---

chuma_chakavu

Mkuu picha bado